Vipigo 121 vya White Sox vina mwenyewe

Mhariri,

Salam kwako na kwa wasomaji wote, leo mwanzoni mwa Oktoba 2024. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mtu wa Tanga, nawasoma kwenye simu kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku huku Chicago, na tangu nizaliwe sijawahi kuandika barua kwenye gazeti, ila safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kwenye ukurasa wa michezo mlitoa kihabari cha mistari mitano sita hivi kwamba Chicago White Sox wamevunja rekodi ya kufungwa kwenye besiboli ya Marekani, na kichwa cha habari mkaandika timu mbovu kuliko zote. Kabla sijafika hata nyumbani binamu yangu alikuwa kashanitumia picha ya ule ukurasa na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Sina ugomvi na aliyeandika. Ila habari ile ilikuwa nusu, na nusu iliyoachwa nje ndo yenye mambo yenyewe, kwaiyo naomba nafasi niielezee kama mtu niliyekaa nayo msimu mzima.

Kwanza hesabu. Msimu wa besiboli ni mechi 162, unaanza mwisho wa mwezi wa tatu unaisha mwisho wa mwezi wa tisa, wanacheza karibu kila siku, yani ukifungwa leo hata kulia hujamaliza kesho unavaa tena jezi unaingia. White Sox msimu huu wa 2024 wameshinda 41 wamefungwa 121. Kabla yao waliokuwa wanashika mkia wa historia ni New York Mets wa mwaka 1962, vipigo 120, na wale walikuwa na sababu kwani ndo ulikuwa mwaka wao wa kwanza kuwepo, timu imeokotwaokotwa wachezaji walioachwa na wenzao. White Sox wapo tangu 1901. Na hiyo ya kuliko zote mlivyoandika si sawa sana, ni kuanzia 1900 kuja huku, maana mwaka 1899 kulikuwa na timu ya Cleveland Spiders ilishinda 20 ikafungwa 134, nayo ntairudia mbele kidogo maana ina funzo lake.

Sasa niwaeleze wiki yenyewe ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee, na kuna mzee mmoja, Mmarekani mweusi, ana miaka 80, kazaliwa kusini kule wazazi wake wakaja naye Chicago akiwa mdogo, huyo ndo kanifundisha besiboli. Mi nilikuja huku najua Simba na Yanga na Coastal Union basi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naona tu watu wamesimama kwenye majani wanatema mate, sielewi nani anacheza na nani anasubiri. Yule mzee ana daftari la kuandikia mechi, kila mechi ina ukurasa wake wenye vijumba vidogo kama karatasi ya hesabu, na ana penseli fupi kaifunga kwa uzi kwenye mkono wa kiti chake cha magurudumu ili isidondoke. Mpigaji akikosa mpira mara tatu anaandika K. Akisimama tu akautazama mpira wa tatu unapita bila kutikisa gongo anaandika hiyo hiyo K lakini kaigeuza nyuma, kama inaonekana kwenye kioo. Kila mchezaji uwanjani ana namba ya nafasi yake, mpira ukitoka kwa wa sita ukaenda kwa wa nne ukaenda kwa wa tatu, watu wawili wametolewa kwa pigo moja, anaandika 6-4-3 alafu anapiga kamstari taratibu. Nilipoanza kusoma zile alama ndo na mchezo ukanifunguka. Msimu huu kalijaza daftari zima, mechi zote 162, na kurasa 121 ni za kufungwa.

Jumapili ya tarehe 22 mwezi wa tisa walikuwa San Diego, wakalala 4-2, kipigo cha 120, wakawa sawa na wale Mets. Mzee akaniambia unajua leo tarehe ngapi, nikamwambia 22, akasema tarehe kama ya leo mwaka 1959 White Sox walichukua ubingwa wa American League, moja ya zile ligi mbili zinazounda ligi kuu ya huku, wakiwa kule Cleveland, na usiku ule mkuu wa zimamoto wa jiji akaamuru ving'ora vya tahadhari ya vita vipigwe mji mzima kushangilia, watu wakatoka nje na nguo za kulalia wakidhani Warusi wameshambulia. Yeye alikuwa kijana wa miaka 15. Mama yake aliwaingiza watoto wote chini ya meza ya jikoni na yeye chini kule alikuwa anacheka maana alishajua ni mpira. Miaka 65 kamili, Mhariri, siku ile ile. Aliponimalizia akageuza ukurasa akaanza kuchora vijumba vya mechi inayofuata.

Jumanne timu ikarudi nyumbani kucheza mechi tatu na Los Angeles Angels, na mi nilikuwa na siku ya mapumziko nikapanda treni ya Red Line nikashuka kituo cha 35th, uwanja uko pale pale ng'ambo ya barabara kuu. Nakiri kwamba watu wengi walikuja kushuhudia msiba. Walitaka waje wawaambie wajukuu kwamba walikuwepo siku rekodi inavunjwa, na kelele iliyokuwa inasikika kuliko zote ni watu kuimba uza timu, uza timu, wakimwambia mmiliki. Mechi ina awamu tisa. Mpaka ya saba imeisha White Sox wako nyuma 2-0. Na msimu mzima, hii nayo iwekwe gazetini, kila walipofika mwisho wa awamu ya saba wakiwa nyuma hawakuwahi kushinda hata mara moja, mara 94 walikuwa nyuma na mara 94 wakafungwa. Watu walishaanza kuandaa simu za kupiga picha. Ikaja ya nane, wakapata mikimbio mitatu, ndo mabao ya besiboli, aliyepiga pigo la kuwapa uongozi ni Andrew Benintendi, wakashinda 3-2. Na wale wale waliokuja kushuhudia msiba, yani hata sijui nilieleze vipi, walisimama. Jirani yangu alikuwa na bango la namba 121 kalichora nyumbani kwa rangi, akalikunja katikati akaliweka chini ya kiti akaanza kupiga makofi.

Jumatano wakashinda tena 4-3 kwenye awamu ya kumi, yani ya nyongeza, Benintendi tena. Alhamisi wakashinda 7-0. Mechi tatu mfululizo, timu ambayo mwezi wa saba mpaka wa nane ilifungwa mechi 21 bila kupumua, kuanzia tarehe 10 Julai mpaka tarehe 5 Agosti. Hawakuwa na kitu chochote cha kupigania. Hakuna pointi ya kuwaokoa, mtoano walishauaga kitambo, kocha mkuu Pedro Grifol alishafukuzwa tarehe 8 Agosti na Grady Sizemore anashikilia kwa muda, nusu ya wale vijana hawajui kama mwakani watakuwa na mkataba. Walichokuwa wanapigania ni rekodi isivunjwe nyumbani mbele ya watu wao. Na haikuvunjwa.

Ikavunjwa Ijumaa, tarehe 27, ugenini Detroit, 4-1. Nilikuwa zamu. Tulikuwa mi na mzee na mwenzangu mmoja wa kazini Mkongomani wa Bukavu ambaye besiboli haijui ila alikaa kwa heshima tu kwa sababu aliona sura zetu. Detroit Tigers walikuwa wanahitaji ushindi ule ule kuingia mtoano, mara ya kwanza tangu 2014, kwaiyo mpira wa mwisho ulipokufa uwanja mzima ulilipuka, wachezaji wao wanarukiana, watu wazima wanalia kwa furaha, na kamera ikawa inakwenda upande ule mara moja moja inawaonyesha vijana wa White Sox wamekaa kwenye benchi lao wanatazama sherehe ya watu. Dakika ile ile moja, timu moja inafunguliwa mlango na nyingine inaandikwa kwenye kitabu cha aibu. Mzee alijaza kijumba cha mwisho, akaandika chini 39-121, akaniomba nimpe maji. Nilidhani atasema neno. Aliuliza tu kesho wanacheza saa ngapi.

Na kesho yake wakashinda. Na Jumapili wakashinda tena, pale pale Detroit kwenye uwanja wa watu waliokuwa wamelewa furaha. Kwenye mechi sita za mwisho za msimu White Sox wameshinda tano. Hilo halikuwemo kwenye habari yenu.

Sasa kama si wachezaji, ni nani? Hapa ndo nilipotaka kufika.

Kwetu timu ikiboronga inashuka daraja. Wa mkiani ligi kuu wanajua wanaenda kucheza Championship kwenye viwanja vya vumbi, mdhamini anakimbia, mapato yanakauka, mwenyekiti anapigiwa kelele sokoni mpaka anaogopa kwenda kununua samaki. Mtu wa Tanga halielezwi hili, tumeona Coastal bingwa wa 1988 anashuka, tumeona African Sports wanashuka, tunajua maumivu yake yanavyokaa. Lakini ile hofu ina kazi yake, inawalazimisha viongozi kuhangaika. Huku hakuna kushuka. Ukifungwa 121 mwakani unaanza ligi ile ile, unapata mgao wako ule ule wa pesa za televisheni, thamani ya timu yako haitikisiki. Mmiliki wa White Sox ni Jerry Reinsdorf, anaimiliki tangu 1981, na ndo huyo huyo mwenye Chicago Bulls, ile Bulls ya Michael Jordan. Sitaki kumnyima haki yake, mwaka 2005 chini yake timu ilichukua ubingwa wa dunia, waliwafunga Houston Astros kwa mechi 4-0, ubingwa wa kwanza tangu 1917, na mzee wangu ule usiku anausimulia kama harusi yake. Lakini ni mara moja kwenye miaka zaidi ya arobaini.

Angalieni matumizi. Mkataba mkubwa kuliko wote ambao White Sox wamewahi kumpa mchezaji katika historia yao ni wa huyo huyo Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka mitano. Najua kwetu milioni 75 za dola ni pesa ya kujenga hospitali, ila tupime kwa mizani ya huko huko. Los Angeles Dodgers wamempa Shohei Ohtani milioni 700 kwa miaka kumi. Utasema Los Angeles ni Los Angeles. Haya, Kansas City ni mji mdogo mno ukiuweka na Chicago, wako kundi moja na White Sox, mwaka jana 2023 walifungwa mechi 106. Mwezi wa pili mwaka huu wakampa kijana wao Bobby Witt Jr. mkataba wa miaka 11 wa zaidi ya milioni 288, wakanunua warushaji, yani wale wanaomrushia mpigaji mpira, na msimu huu wameshinda 86 wakaingia mtoano, na wiki hii wamemtoa Baltimore. Mwaka mmoja tu! Chicago ni jiji la tatu kwa ukubwa Marekani nzima, nani atanishawishi kwamba pesa hakuna.

Alafu si pesa peke yake. Mwaka 2021 timu hii ilishinda mechi 93 ikaongoza kundi lake, vijana watupu, tukaambiwa hawa wataongoza miaka kumi. Mwaka uliofuata wakashinda 81 wakafungwa 81. Mwaka 2023 wakafungwa 101. Mwaka huu mnajua. Wale vijana waliumia mmoja baada ya mwingine, na nyuma yao hakukuwa na mtu, ukifungua kabati ni tupu, maana ligi za chini ambako timu zinakuzia vijana wao zilikuwa zimeachwa zijiendee. Uongozi wa juu ukafukuzwa Agosti 2023 akaletwa Chris Getz, ambaye naye alikuwa ndani ya nyumba ile ile anasimamia hao hao vijana. Basi Getz akaanza kuuza. Mrushaji Dylan Cease akaenda San Diego, ndo hao hao San Diego waliotupa kipigo cha 120, na mwezi wa saba akiwa na jezi yao alimaliza mechi nzima bila mpinzani kupata hata pigo moja. Mwisho wa Julai wakauzwa Erick Fedde, Tommy Pham, Michael Kopech, Eloy Jiménez, yani timu iko katikati ya kufungwa mechi 21 na wewe unang'oa milango unaipeleka sokoni. Matokeo yake mwaka mzima wamepata mikimbio 507, hakuna timu ligi nzima iliyopata michache namna hiyo, ni kama mitatu tu kwa mechi. Mrushaji hata awe malaika hawezi kushinda na mitatu. Kuna kijana anaitwa Garrett Crochet, anarusha kwa mkono wa kushoto, mwaka huu kawatoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mpira, nyota wa kweli kabisa, na rekodi yake imeandikwa kashinda 6 kashindwa 12. Mtu anayesoma namba hiyo bila kujua atasema ni garasa.

Ndo maana nikawataja wale Cleveland Spiders wa 1899. Timu ile haikufa kwa wachezaji kutojua mpira. Wamiliki wake, ndugu wawili wa ukoo wa Robison, walinunua na timu ya St. Louis, basi wakawachukua wazuri wote wa Cleveland, akiwemo Cy Young ambaye mpaka leo tuzo ya mrushaji bora ina jina lake, wakawahamishia kule, na waliobaki wakaachiwa wafungwe mara 134. Watu wa Cleveland wakaacha kuja uwanjani, ligi ikaifuta timu. Mechi zinachezwa uwanjani, lakini timu inauliwa ofisini.

Sasa je kuna kesho? Mi nasema ipo, na siisemi kwa mapenzi tu.

Hao hao Detroit walioshangilia Ijumaa, mwaka 2003 walifungwa mechi 119, na mpaka juzi wao ndo walikuwa wanashikilia rekodi ya American League. Na nao mwaka ule walishinda tano kati ya sita za mwisho wasiwafikie Mets, kama vile White Sox walivyofanya sasa. Miaka mitatu baadaye, 2006, walikuwa wanacheza fainali ya ubingwa wa dunia. Wale Mets wa 1962 walikuwa mabingwa 1969. Houston walifungwa 111 mwaka 2013, mwaka 2017 wakabeba kombe. Baltimore walifungwa 115 mwaka 2018, mwaka jana wakashinda 101. Kwaiyo njia ipo na imepitwa na watu. Ila wengi wao walifanya kazi moja ya kuchosha, walijenga chini kwanza, wakaajiri wataalamu wa kukuza vijana, wakakaa na uchungu bila kukimbilia vimkataba vya bei rahisi vya wachezaji waliokwisha, na siku vijana walipoiva wakafungua pochi.

White Sox wana mbegu. Timu yao ya vijana ya Birmingham Barons, ndo ile aliyoichezea Michael Jordan mwaka 1994 alipoacha kikapu kwa muda, mwezi uliopita imechukua ubingwa wa ligi yake. Kule yupo kijana Noah Schultz, mrefu kama mnazi, mtoto wa huku huku Illinois, anarusha kwa kushoto na wanaojua wanasema atakuwa mkubwa. Yupo Hagen Smith waliyemchukua mwaka huu. Shida wote ni warushaji. Wapigaji wako wapi? Colson Montgomery ndo aliyekuwa anategemewa na mwaka huu kapata taabu sana kule chini. Kwaiyo mi nasema hivi, kama ni lazima Crochet auzwe, na kila mtu anasema atauzwa, asiuzwe kwa warushaji wengine, auzwe kwa wapigaji, wapigaji wa kweli walio karibu kuja juu, vinginevyo mwaka 2027 nitakuwa nawaandikia barua nyingine.

Na kuna kitu kinaniuma ambacho naona hata wapenzi wengi hawajakielewa. Kila mwaka timu zinagawana vijana wapya, na kwa kawaida mbovu ndo wanatangulia kuchagua ili mizani isawazike. Ila wameweka bahati nasibu na masharti yake, moja ni kwamba timu ya jiji kubwa isiyopokea ruzuku kutoka kwa wenzake haiwezi kuingia kwenye hiyo bahati nasibu miaka miwili mfululizo. White Sox mwaka huu waliingia wakampata Hagen Smith kwa nafasi ya tano. Kwaiyo mwakani, pamoja na vipigo vyote 121, hawawezi kuchagua juu ya nafasi ya kumi. Sheria ilitungwa kuwazuia matajiri wasifanye makusudi kufungwa, na kwa mmiliki mimi naiona ni ya haki kabisa. Lakini anayelipa ni yule mzee na penseli yake.

Alafu juu ya yote kuna habari ya uwanja mpya. Mkataba wa uwanja wa sasa unaisha 2029 na mmiliki anataka kujengewa mwingine karibu na katikati ya jiji kwenye eneo linaitwa The 78, na anataka pesa za umma zichangie, pesa nyingi mno. Mi nalipa kodi hapa. Nikinunua unga nalipa, nikinunua soksi nalipa. Ukiniambia kodi yangu ijenge shule sina neno. Ila mtu ambaye hajawahi kumpa mchezaji hata mmoja wa White Sox mkataba wa dola milioni mia aje aombe mamia ya mamilioni kwa wauguzi na madereva wa mabasi, hapana, aanze yeye kuweka timu uwanjani kwanza. Watu wa South Side, upande wa kusini wa jiji, wana haki ya kubaki na timu yao pale 35th, mahali ambapo mtu anatoka kazini anapanda treni kwa nauli ndogo anakaa juu kabisa na karanga zake. Baba mwenye watoto watatu hataweza viti vya The 78.

Mhariri, najua utajiuliza haya yanamhusu nini msomaji wa Dar au Mombasa. Yanamhusu. Pale Azania Sekondari Wajapani wamesaidia kujenga uwanja wa besiboli na vijana wetu wanacheza. Uganda wako mbele zaidi, watoto wa Lugazi walikwenda mpaka mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2012, wa kwanza kutoka Afrika, na mwaka 2022 Dodgers wamesajili vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Siku moja jina la kwetu litasomwa kwenye spika za uwanja huku, na huenda likasomwa kwenye timu mbovu, maana timu mbovu ndo zenye nafasi za vijana. Sijui kama siku hiyo mtaandika kihabari cha mistari mitano na kichwa cha kuchekesha. Naomba mwandishi wenu wa michezo aanze sasa kuufuatilia huu mchezo kama anavyofuatilia mpira wa miguu, aandike nani kafungwa na aandike kwa nini, mmiliki ni nani, pesa zimekwenda wapi. Mbona kwenye usajili wa Simba na Yanga mnachimba mpaka mnajua kijana kalala hoteli gani.

Jumatatu asubuhi baada ya msimu kuisha nilimkuta mzee kalifunga lile daftari kwa mpira wa kufungia karatasi, kaandika juu ya jalada 2024 kwa ile ile penseli, na chini yake 41-121, hakuficha. Akanipa dola ishirini akasema nikipita dukani nimnunulie lingine, lenye vijumba vikubwa kidogo maana macho yanapungua. Nikamwambia mzee bado miezi sita. Akasema anajua, msimu unafunguliwa tarehe 27 Machi, nyumbani, na Angels, anataka achore mistari mapema. Nimelipata jana. Lina kurasa 200, na yeye keshaanza kuzihesabu akiacha nafasi za mtoano.

Wenu,
Mtu wa Tanga, Chicago